Mbuzi wa ntheo, daftari la ubatizo na sheria ya Kanisa

Mkatoliki wa Mwingi ametoa mbuzi wa ntheo, yaani wa kufunga ndoa kimila, wazee wamekubaliana, na watoto wamezaliwa. Kwa Wakamba, huyo ameoa. Serikali nayo inaitambua ndoa ya kimila, ila Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka isajiliwe. Lakini akienda parokiani ataambiwa kwamba kwa Kanisa bado hajafunga ndoa. Wengi huumia hapo, na mara nyingi hakuna anayewaeleza sababu.

Sababu yenyewe ni ya mwaka 1563. Ulaya ya wakati huo ilijaa ndoa za siri, na mwanamume aliweza kumkana mkewe bila mtu wa kumshuhudia. Mtaguso wa Trento ukaagiza ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi. Agizo hilo lingali hai katika kanuni ya 1108. Sheria za Kanisa zimekua hivyo siku zote, kwa kujibu shida za watu. Mwanasheria Gratian alizikusanya na kuzipatanisha huko Bologna kwenye mwaka 1140, mkusanyo rasmi wenye kanuni 2,414 ukatolewa mwaka 1917, na huu tunaoutumia, wenye kanuni 1,752, ulitolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983.

Kwa hiyo ntheo si kosa. Kilichobaki ni kumwona paroko, matangazo yasomwe, kisha ndoa ifungwe mbele yake na mashahidi wawili.

Suala la mitala ni zito zaidi. Mwaka 1537 Papa Paulo III, akiwafikiria watu wa Amerika waliokuwa wakibatizwa, alimruhusu mume asiyekumbuka mke wake wa kwanza ni yupi achague mmoja. Leo kanuni ya 1148 inasema kwamba asiyebatizwa mwenye wake kadhaa wasiobatizwa, anapobatizwa, anaweza kubaki na mmoja wao ikiwa kuishi na yule wa kwanza ni vigumu kwake. Mkatoliki aliyeongeza mke wa pili baada ya ubatizo hahusiki hapa. Kanuni hiyohiyo inamtaka askofu ahakikishe wake wanaoachwa wanapata mahitaji yao kwa haki. Sehemu hii husahaulika, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Mama anayeachwa aitaje mbele ya paroko bila woga.

Jambo la kushughulikia mapema ni hati ya ubatizo. Ndoa ya Mkatoliki huandikwa pia katika daftari la parokia alikobatizwa, ndiyo maana utaombwa hati mpya. Ile ya zamani iliyo sandukuni haionyeshi kilichoandikwa baadaye. Tarehe 22 Julai 2023 Jimbo Katoliki la Wote, la eneo la Makueni, lilimegwa kutoka Jimbo la Machakos, na mtu wa huko anaweza kudhani kumbukumbu zake zimehama. Anzia parokia ileile uliyobatizwa. Anayefanya kazi Nairobi aulizie mapema, asingoje wiki ya harusi.

Na ndoa ikivunjika? Mahakama ya Kanisa haitoi talaka. Huchunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu siku ya kwanza: je, kulikuwa na kulazimishwa, udanganyifu, au kifungo cha ndoa ya awali? Kesi hupelekwa kwenye jimbo ndoa ilikofungwa, anakoishi mmoja wa wahusika, au penye ushahidi mwingi. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliondoa sharti la hukumu ya pili ya kuthibitisha ile ya kwanza, akataka pia huduma hii iwe bure kadiri inavyowezekana. Asiye na pesa asikae nyumbani kwa kuogopa gharama; amwambie paroko hali yake.

Hukumu ya mahakama ya Kanisa haiondoi ndoa iliyosajiliwa serikalini. Kabla ya kuoa au kuolewa tena, pitia pia mahakama ya nchi.