Ngoma Nayo Ina Sarufi: Somo Nililolipata Konark

Sisi wa Chama cha Kiswahili tumezoea kusema kwamba lugha ni sarufi. Ngeli, nyakati na viambishi tumevikariri mpaka tukaviota usiku. Je, umewahi kufikiri kwamba hata ngoma ina sarufi yake? Mimi, niliyekuwa mwanachama kama wewe, sikuwahi kufikiri hivyo mpaka nilipofika Konark.

Konark ni mji mdogo wa jimbo la Odisha, mashariki mwa India, karibu na bahari. Kutoka Bhubaneswar, ninakosomea, ni mwendo wa kilomita 65 hivi kwa basi. Hapo pana hekalu la Surya, mungu wa jua, lililojengwa na Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza yapata mwaka wa 1250. Limechongwa kwa umbo la gari la jua, lenye magurudumu 24 ya mawe na farasi saba wa kulivuta. Mnara wake mkuu uliporomoka zamani. Jengo la mbele lililosalia, Waingereza walilijaza mchanga mwaka wa 1903 na kuziba milango ili nalo lisianguke.

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 5 Desemba, hufanyika hapo tamasha la ngoma za jadi za India. Jukwaa huwa nje, na nyuma yake hekalu linang'aa kwa taa. Mwenzangu wa darasa alinialika twende pamoja na mama yake.

Kusema ukweli, mwanzoni nilichoka. Mchezaji alitoka, njuga zikilia miguuni, viganja vimepakwa rangi nyekundu, kichwani ana taji jeupe. Akasimama. Akapinda shingo. Akapeleka macho kushoto. Watu wakashusha pumzi, "Aaah!" Nami nikajiuliza, jamani, hawa wameona nini? Nikaanza kutazama saa.

Mama yule aliniona. Akaninong'oneza, "Mwanangu, unatazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Hebu nikufundishe." Basi akanipa masomo matatu, nami nawapa kama nilivyopewa.

Kwanza ni kusimama. Ngoma ile huitwa Odisi, na ina mikao miwili mikuu. Mmoja ni chauka: magoti yamekunjwa na kuelekezwa nje, mwili umekuwa mraba, uzito uko sawa kwa miguu yote. Wa pili ni tribangi: mwili unapindwa mahali patatu, yaani shingoni, kiunoni na gotini. Mchezaji hutoka katika mkao huu na kuingia ule, kama sisi tunavyobadilisha wakati wa kitenzi.

Pili ni mikono. Kitabu cha kale kiitwacho Abhinaya Darpana kinaorodhesha ishara 28 za mkono mmoja. Mojawapo ni pataka: vidole vimenyooka na kushikana, gumba limekunjwa. Pataka yaweza kuwa wingu, mto, msitu au hata kumkataza mtu. Utajuaje ni ipi? Kwa macho ya mchezaji na kwa wimbo unaoimbwa. Nikakumbuka neno letu "paa": la nyumba, la mnyama, la kuruka angani. Kumbe ni muktadha tu!

Tatu, si kila kipande kina hadithi. Kiitwacho palavi ni uzuri mtupu wa mwendo na mdundo. Abinaya ndiyo husimulia kisa. Ni kama shairi: mizani na vina upande mmoja, maudhui upande mwingine.

Mchezaji wa pili alipotoka, nikaanza kusoma. Mkono wake ukawa mto, nikauona mto. Nami nikajikuta nasema "Aaah!"

Kesho yake asubuhi tuliingia hekaluni. Mbele pana ukumbi wa ngoma usio na paa, na nguzo zake zimejaa wachezaji na wapiga ngoma waliochongwa. Mama yule alinionyesha mmoja: tribangi, ile ile ya jana!

Hapo ndipo aliponieleza historia. Zamani ngoma hii ilichezwa na wanawake wa hekalu la Jagannath kule Puri, walioitwa mahari, na wavulana walioitwa gotipua. Wakati wa ukoloni wachezaji wa mahekaluni walidharauliwa na kutukanwa, ngoma ikafifia. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1947, hasa miaka ya 1950, walimu kama Kelucharan Mohapatra, ambaye utotoni alikuwa gotipua, waliikusanya upya. Walisoma sanamu za mawe na maandishi ya kale, lakini pia waliwaendea wazee. Kwa nini? Jiwe huhifadhi mkao, halihifadhi mwendo. Jinsi ya kutoka mkao huu kwenda ule ilikuwa imebaki katika miili ya watu. Sashimani Devi, mmoja wa mahari wa mwisho wa Puri, alifariki mwaka wa 2015.

Kisha mama akaniuliza, "Na kwenu mnacheza nini?"

Nilinyamaza. Kwetu Kakamega tuna isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, yenye ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Babu yangu hupiga ile kubwa. Nilipokuwa kidato cha pili niliitwa nijiunge na kikundi cha shule, nikajibu eti hayo ni mambo ya wazee. Nasi hatuna nguzo za mawe. Hata mkao wetu uko mabegani mwa babu tu.

Jioni ile nilimpigia simu. Alicheka sana, akasema nije likizo na mabega yasiyo na uvivu.

Zoezi: Kabla ya muhula ujao, mtafute mzee mmoja anayejua ngoma ya kwenu. Usianze kwa kumwuliza maana yake. Mwulize, "Nisimame vipi?" Kisha simama, akurekebishe.