Unywele wa Utosini na Unywele wa Kisogoni

Kabla kinyozi hajawasha mashine, mwombe akukatie kwa mkasi unywele mmoja wa kisogoni na mmoja wa utosini. Zilaze nywele hizo mbili juu ya karatasi nyeupe, kisha zitazame kwa kamera ya simu ukiikuza picha mpaka mwisho. Kama upara umeshakupigia hodi, utaona jambo ambalo kioo hakikuambii: wa kisogoni ni mweusi na mnene, wa utosini ni mwembamba na umepauka, utadhani nywele hizo zimetoka kwa watu wawili.

Mimi nilifanya hivyo baada ya kinyozi wangu kuniwekea kiganja utosini na kuguna. "Kaka, hapa panataka kitunguu," alisema. Juisi ya kitunguu maji, akaongeza mafuta ya nyonyo na habasoda, kila usiku. Jamaa wa kiti cha pili akadakia: achana na vitu vya jikoni, kuna dawa ya dukani, vijana wanaotafuta ndevu wanaijua. Ubishi ukawa wa asili na kemikali, kama ulivyo kila mahali. Mimi naona mgawanyo huo hautusaidii. La kuuliza ni hili: hicho unachopaka au kumeza kinagusa hatua ipi ya kazi ya kuota unywele?

Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi, na kila kifuko kina ratiba yake. Hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, hunywea kwa wiki mbili tatu, hupumzika kama miezi 3, ndipo unywele hudondoka na mwingine kuanza. Kichwani kuna vifuko kama 100,000 na haviendi kwa pamoja, kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Kwenye upara wa kiume, kila mzunguko mpya huwa mfupi kuliko uliotangulia, na kifuko hurudi kazini kikiwa kidogo zaidi, mpaka kinatoa kimalaika kisichoonekana. Kwa hiyo mwenye upara bado ana vifuko vingi vilivyodumaa.

Nini kinavidumaza? Wazee hulaumu kofia, wengine jua, na wauza mafuta karibu wote husema damu haifiki utosini. Hili la damu lilipata jibu New York miaka ya 1950. Daktari wa ngozi Norman Orentreich alihamisha vipande vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni na kuvipandikiza penye upara, na nywele zikaendelea kuota kama kwamba bado ziko kwao. Alipohamisha ngozi ya upara na kuipeleka kisogoni, ilibaki na upara wake. Damu ni ileile, kichwa ni kilekile. Tofauti imo ndani ya kifuko chenyewe.

Kifuko cha utosini kinasikia kitu ambacho cha kisogoni hakikisikii. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alieleza kwamba wanaume waliokosa kazi ya korodani tangu kabla ya kubalehe hawapati upara. Walipopewa testosteroni, baadhi yao, hasa wenye ukoo wa upara, walianza kupata. Baadaye ikafahamika kwamba mkosaji hasa ni mtoto wa testosteroni: kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktezi huigeuza kuwa DHT, na DHT ndiyo inayokiambia kifuko cha utosini kifupishe kazi. Cha ajabu, kwenye kidevu DHT hiyohiyo hunenepesha ndevu. Na si kweli kwamba mwenye upara ana homoni nyingi kuliko wenzake; vifuko vyake ndivyo vinavyosikia zaidi, na usikivu huo anaurithi kwa mama na kwa baba.

Kutoka hapo dawa ya kwanza inaeleweka bila kubahatisha. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari za ukoo wa kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa bila kimeng'enya hicho. Wakikua huwa na tezi dume ndogo, na panja zao hazirudi nyuma. Kampuni ya Merck ikatengeneza kidonge cha kukizuia kimeng'enya: finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume iliyovimba, na mwaka 1997, kwa kipimo cha miligramu 1, kwa nywele. Hushusha DHT ya kwenye damu kwa asilimia 70 hivi. Katika majaribio ya wanaume 1,553, eneo la utosi lenye upana wa inchi moja lilikuwa na wastani wa nywele 876 mwanzoni. Baada ya miaka 2, waliomeza dawa walikuwa na nywele 138 zaidi ya waliomeza kidonge kitupu. Si msitu, lakini ni tofauti ya kweli.

Gharama yake inatoka mlango uleule. Ukigusa homoni ya kiume, wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake. Kipimo cha damu cha PSA kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi dume hushuka karibu nusu, kwa hiyo daktari asiyejua unameza anaweza kudanganyika. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha mawazo ya kujiua kuwa miongoni mwa athari za vidonge hivyo. Na mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwa ajili ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Dawa ya pili, minoksidili, ile aliyoisema jamaa wa kiti cha pili, ilikuja kwa bahati. Ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu mwaka 1979. Wagonjwa wakaanza kuota nywele pasipotarajiwa. Toleo la kupaka kichwani liliidhinishwa Marekani mwaka 1988. Haigusi DHT hata kidogo. Hukisukuma kifuko kirudi kazini mapema na kikae kazini zaidi. Lazima kwanza igeuzwe na kimeng'enya kingine kilicho kichwani, na wenye upungufu wa hicho hupaka bure. (Mwenye paka aangalie: paka akilamba dawa hii anaweza kufa.)

Sasa swali lilelile tukiulize kitunguu. Jaribio lake linalojulikana lilifanyika Baghdad mwaka 2002, likasaidia watu wenye mabaka ya upara, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vifuko na ambao mara nyingi hupona wenyewe. Kwa hiyo kinyozi wangu hakukitoa hewani, ila ni dawa ya ugonjwa mwingine. Mafuta ya nazi hulinda unywele uliokwisha kuota usipoteze protini. Kwenye kifuko hayajaonyesha kitu. Rozimeri ilishindanishwa Iran mwaka 2015 na minoksidili ya asilimia 2, wanaume 100, miezi 6, zikaenda sare. Lakini zote mbili zilisogea kidogo sana, na hapakuwa na kundi lililopaka kitu kisicho dawa. Sare na mchezaji aliyechechemea si ushindi.

Unaonivutia ni mtende mfupi wa Florida, saw palmetto. Tunda lake huzuia kimeng'enya kilekile cha DHT, kwa udhaifu. Mwaka 2012 watafiti wa Italia waliufuatilia kwa miaka 2 kwa wanaume 100: walioonekana kupata nafuu ni asilimia 38, dhidi ya 68 wa finasteridi. Hapo neno "asili" linavuka mpaka. Mmea unaofanya kazi kwa njia ya finasteridi hauna sababu ya kukwepa madhara ya njia hiyo, na chupa yake mara nyingi haikuambii kipimo.

Kinachowapotosha watu zaidi ni kalenda. Mtu hutafuta dawa siku nywele zimedondoka mno, pengine baada ya homa kali au msiba. Mdondoko wa namna hiyo hutulia wenyewe baada ya miezi kadhaa, na sifa zote zinakwenda kwa mafuta aliyoanza kupaka, ambayo pia yaling'arisha nywele tangu siku ya kwanza. Minoksidili hufanya kinyume: wiki za mwanzo huziangusha nywele zilizopumzika ili mpya zisukume, na wengi huitupa hapo hapo wakisema imewamaliza. Ukivumilia, tofauti huanza kuonekana miezi 4 hadi 6. Ukiacha, iwe hiyo au kidonge, ulichopata kinaondoka ndani ya mwaka.

Kinyozi alisikiliza haya huku akipangusa mashine kwa brashi. "Kwa hiyo nikupake nini?"

"Usinipake kitu. Nipige picha ya utosi, chini ya taa hii hii, na tarehe uandike."

Akapiga, akaitazama, akaguna tena, kisha akaweka namba moja na kunyoa kichwa kizima.