Karma si majaliwa

SWALI: Je, karma ya Wabudha maana yake mgonjwa anavuna alichopanda?

JIBU: Si lazima. Kwa Kisanskriti, karma ni tendo tu. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, huiona kama vumbi laini linaloganda rohoni, hata mtu akidhuru kiumbe bila kukusudia. Ndiyo maana watawa wao hufagia njia wasije wakakanyaga mdudu. Lakini Buddha aliiweka karma kwenye nia: anayemkanyaga mdudu bila kukusudia hana kosa la kuua. Utasema, mbona mateso huitwa malipo ya maisha yaliyopita? Ni kweli, Ubudha unafundisha kwamba matendo huzaa matunda. Lakini mtu mmoja aitwaye Sivaka alipomuuliza Buddha kama kila uchungu hutokana na matendo ya zamani, Buddha alikataa, akataja pia nyongo, makohozi na mabadiliko ya majira. Basi usimhukumu mgonjwa, muuguze.