MWIZI WA NDANI YA SIMU



M-Pesa ilifika katika inchi yetu mwaka 2012. Leo, huko Butembo na Beni, jamaa nyingi wanatumiana makuta kwa simu. Ni jambo jema, lakini wezi nao wamejifunza.

Mwizi anafanya namna gani?

1. Anasema: «Mimi ni wa kampuni ya simu. Konti yako itafungwa. Nipe namba ya siri.»
2. Anatuma ujumbe wa uongo kwamba umepokea dola 50, kisha analia: «Nimekosea namba, unirudishie.» Ukirudisha, unatoa makuta yako mwenyewe.
3. Anajifanya muganga: «Mtoto wako ni mgonjwa sana, tuma ya dawa upesi.»

Mjilinde hivi:

— Namba ya siri haipewi mtu ye yote.
— Usiamini ujumbe. Angalia kwanza konti yako.
— Kata simu, kisha ita jamaa kwa namba unayoijua.
— Umekwisha kuitoa? Badili namba ya siri mara moja, ujulishe kampuni ya simu.

Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, watu wa Beni na Butembo walinawa mikono mbele ya kuingia po pote. Kwa simu pia: hakikisha mbele ya kutuma. Makuta yanayoibwa leo ndiyo dawa ya mtoto kesho.