Kwa Nini Jani la Jimbi Halilowi

Mvua inyeshapo juu ya shamba la majimbi, ambayo huko bara huitwa nduma, maji hayatandai juu ya jani, bali hujikusanya yakawa matone ya mviringo mithili ya shanga, yakabingirika hadi chini. Sababu zake ni mbili. Kwanza, jani limefunikwa kwa nta, na nta na maji ni vitu visivyopatana. Pili, uso wake una vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Tone hukaa juu ya ncha za vinundu hivyo, na hewa hubaki chini yake. Libingirikapo huzoa vumbi na mbegu za ukungu, na jani husalia safi.

Kabichi nayo ina nta. Kwa hiyo mkulima anyunyizapo dawa, matone mengi huangukia udongoni, viwavi wakaendelea kula, na fedha zake zikapotea bure. Basi, ikiwa maagizo ya dawa yanaruhusu, na achanganye sabuni kidogo. Sabuni hulegeza ile nguvu iliyokusanya tone, nalo likatandaa juu ya jani. Lakini asilisugue jani kuondoa nta, maana hiyo ndiyo koti lake la mvua.