Kina cha Mbizi na Mipaka ya Bima Yako



Tuchukue mfano. Mtumishi mmoja wa Songea anateremka hadi Lipingo, Wilaya ya Nyasa, kwa mapumziko ya siku mbili. Ana bima ya safari, na ana cheti cha awali cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Mwenzake anamwalika washuke mita 28 kutazama samaki wa miambani. Je, akipata madhara huko chini, bima yake itamlipa? Jibu limo katika hati ya bima hiyo, na huenda likawa katika kifungu ambacho hakuwahi kukisoma.

Cheti kinaruhusu nini?

Kwa mujibu wa PADI, mwenye cheti cha awali anapaswa kuishia mita 18. Cheti cha ngazi inayofuata humfikisha mita 30, na mafunzo maalumu ya kina kirefu humfikisha mita 40, ambao ndio ukomo wa mbizi za burudani. Mtoto wa miaka 10 au 11 huishia mita 12.

Mipaka hii ina sababu. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na ule wa hewa tuivutayo ufukweni. Katika mita 30 mgandamizo huwa takribani mara nne, mtungi huisha upesi, na nitrojeni nyingi huyeyuka mwilini. Mpiga mbizi akipanda kwa haraka, nitrojeni hiyo hugeuka mapovu yanayoweza kuleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Tiba yake hufanyika katika chumba maalumu cha mgandamizo, ambacho hospitali za kawaida hazina. Gharama ya kumsafirisha mgonjwa hadi huko ni kubwa.

Bima inaishia wapi?

Baadhi ya bima za safari hazihusishi kabisa upigaji mbizi. Nyingine huuhusisha hadi kina kilichotajwa, na kwa sharti kwamba mpiga mbizi awe na cheti kinacholingana na kina hicho au aongozwe na mkufunzi aliyehitimu. Mbizi ya kazi ya ujira, kama vile kukamata samaki wa mapambo, kwa kawaida haimo katika bima ya mapumziko.

Turudi kwa mtumishi wetu. Ikiwa hati yake inasema "hadi mita 30, kwa mujibu wa cheti", ukomo wake ni mita 18. Akiwa mita 28 amevuka ukomo huo kwa mita 10, na kampuni inaweza kuyakataa madai yake. Asitegemee kuficha, kwa kuwa kompyuta ya mbizi inayovaliwa mkononi hurekodi kina na muda.

Angalizo la Ziwa Nyasa

Uso wa ziwa hili uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbizi inayofanyika juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa mbizi ya mwinuko, na majedwali ya kawaida ya mbizi hurekebishwa. Aidha, barabara ya kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga hupanda hadi zaidi ya mita 1,000. Mwongozo wa kimataifa hutaka mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Kupanda milima kwa gari kuna hatari ya aina hiyohiyo. Panga mbizi ya mwisho siku moja kabla ya kurejea.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, hati inataja upigaji mbizi, na hadi mita ngapi?
2. Inadai cheti gani au uangalizi wa nani?
3. Inalipia usafiri wa dharura na tiba ya chumba cha mgandamizo?
4. Inasemaje kuhusu mbizi ya mwinuko?

Omba majibu kwa maandishi. Madai yakikataliwa isivyo haki, lalamika kwanza kwa kampuni kwa barua na utunze nakala. Usiporidhika, wasiliana na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Soma hati yako ungali nchi kavu.