Somo la Wiki: Mgonjwa na Mfungwa Wakiwa Mtu Mmoja

Maandiko: Mathayo 25:31–46, 2 Timotheo 4:9–21

Katika Mathayo 25 Yesu anataja wagonjwa, halafu anataja wafungwa. Sisi tumegawana: kina mama wanaenda hospitali, vijana wanaenda jela mwezi wa Desemba. Na je, akiwa ni mtu mmoja? Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na mlango wake umefungwa kwa nje.

Mwaka jana nilikutana naye. Tulikuwa tumepeleka mikate na sabuni kwenye gereza moja. Ndani ya zahanati alikuwa amelala mzee mmoja, saratani imemmaliza. Nilimwombea kama dakika mbili hivi, nikamwachia sabuni. Akaniuliza, "Pasta, unaenda sasa hivi?" Nikamwambia gari linatungoja. Kwa ripoti niliandika idadi ya mikate, ya sabuni na ya waliookoka. Mimi nimesoma biashara, napenda hesabu ikifunga. Lakini swali la yule mzee halikuwa na safu kwenye ripoti yangu.

Sasa soma 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni na anajua mwisho umekaribia. Anaomba nini? Joho lake. Vitabu. Marko aletwe. Timotheo ajitahidi kufika kabla ya baridi. Ni mfungwa anayengojea kufa, na anaomba joto, kitu cha kusoma, na mtu wa kukaa naye.

Hospisi inafanya hivyo. Haikusudii kuponya, inapunguza maumivu, inamtunza mtu kwa heshima na kumsindikiza hadi mwisho. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza 1990. Ndani ya jela kazi ni ngumu zaidi. Mfungwa akilia maumivu, kuna atakayesema anajifanya. Dawa kali kama mofini huchungwa sana, kwa hofu itauzwa. Na jamaa hawawezi kuingia saa yoyote wanayotaka.

Kuna mahali wamejaribu. Kule Louisiana, Marekani, kuna gereza kubwa linaloitwa Angola, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la watumwa. Katika jimbo hilo kifungo cha maisha ni maisha kweli, kwa hiyo wengi wanazeekea humo na kufia humo. Mwaka 1998 wakaanzisha hospisi, na wanaohudumu pamoja na wauguzi ni wafungwa wenyewe, wamejitolea na kufunzwa. Baadhi yao waliua. Wanaogesha wenzao, wanawabadilisha nepi, wanawalisha kwa kijiko, wanawaandikia barua za nyumbani. Siku zikibaki chache wanapokezana zamu usiku na mchana, asikate roho peke yake. Wanashona mablanketi ya viraka. Majeneza yanatengenezwa kwa karakana ya gereza, ya mbao za kawaida; Billy Graham alizikwa 2018 katika jeneza lililotengenezwa na wafungwa wa huko.

Sitaki tuisifu Angola kupita kiasi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mzee asiyeweza hata kugeuka kitandani bado amefungwa, na ni swali la haki. Kwetu, Kifungu cha 133 cha Katiba kinaruhusu mtu yeyote kumwombea mfungwa huruma ya Rais. Kanisa linaweza kumsaidia mgonjwa kuandika ombi. Ila wengine hata wakiachiliwa hawana pa kwenda: mke alishaolewa, shamba liliuzwa, watoto hawataki kusikia jina lake.

Nilipogusia jambo hili kwenye maombi ya Jumatano, mama mmoja alinijia baadaye. "Pasta, aliyemuua kijana wangu yuko ndani. Kijana wangu alikufia kando ya barabara. Nani alimshika mkono?" Sikumjibu kwa andiko. Nilimwambia, "Pole, Mama," tukakaa hapo kwa benchi mpaka taa zikazimwa. Huduma hii asidaiwe yeye. Asiambiwe na mtu yeyote hapa kwamba imani yake ni ndogo kwa sababu hawezi kwenda. Lakini sisi wengine, ambao hatukunyang'anywa mtu, tusijifiche nyuma ya machozi yake.

Kamati ya magereza itakutana Jumapili baada ya ibada ya pili. Tutamwomba mkuu wa gereza atukubalie kurudi zahanati kila mwezi, na safari hizi zisiwe za kugawa vitu. Tunatafuta watu sita wanaoweza kukaa na mgonjwa saa nzima bila kumhubiria, wajue kunyamaza, na wasiulize alifanya nini. Wauguzi wetu washirika, tafadhali mje mtufundishe namna ya kumgeuza mtu mwenye vidonda vya kulala.

Kwa ushirika wa nyumbani: orodhesheni kila kitu Paulo anachoomba katika mistari hiyo. Ni kipi kati ya hivyo ambacho kanisa letu halijawahi kupeleka gerezani?